Mikono Mikubwa ya Bwana Knopfstock

Jumatatu, 6 Novemba 1752

Nimeamua. Sonata ya Orsola itachezwa siku ya Mtakatifu Sesilia, alasiri, ukumbini kwa Markiza Bargelloni, mbele ya wakubwa wote wa Bologna. Zimebaki siku kumi na sita. Muda tele kwa mtu mwenye akili.

Marehemu mke wangu, Orsola, aliniomba jambo moja tu. Hakuomba misa za mwaka mzima wala jiwe la kaburi. Alisema sonata ile niliyomtungia ameisikia yeye na jiko la kuni. Ningefanya vizuri watu nao wakiisikia, ukumbini, hata mara moja. Nikaahidi. Huu mwaka wa pili. Mpaka leo aliyeisikia zaidi ni jiko.

Tatizo ni jina langu. Gaudenzio Malvisi, mpiga kinanda wa parokia ndogo na fundi wa kukaza nyuzi za vyembalo, vile vinanda vya nyuzi vya majumbani mwa watu. Nimewahi kumpelekea Markiza sonata mbili kwa jina hilo. Ya kwanza ilirudishwa haijafunguliwa. Ya pili niliikuta mwenyewe siku ya kazi, imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza.

Lakini mwezi uliopita walichezewa pale sonata ya mgeni fulani kutoka mbali, mbaya kama bawaba isiyotiwa mafuta, na wote wakafumba macho kwa raha. Nikaelewa. Wanachopenda si muziki. Ni umbali.

Kwa hiyo leo nimemzaa mtunzi. Ambrosius Knopfstock, wa Dresden. Jina la Kijerumani linatakiwa lisikike kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo. Hili linasikika hivyo hasa.

Jumatano, 8 Novemba

Nimenakili sonata upya kwa mwandiko ulioinama kushoto, maana wangu umeinama kulia. Kurasa sita. Karatasi nimeipitisha juu ya mvuke wa sufuria, kisha nikaikalia. Sasa inaonekana imevuka Alpi juu ya punda.

Tarsilla akateremka na bakuli la supu. Ni mdogo wake Orsola, anakaa ghorofa ya juu, na tangu msiba hajakosa siku kunipikia wala kunisema. Akauliza kwa nini nimekalia karatasi. Nikamweleza mpango wote, mwanzo hadi mwisho. Akauliza kama tortelini za jana zilikuwa zimechacha.

Nikamwambia mpango huu hauna tundu hata moja.

“Shemeji,” akasema, “mpango wenyewe ndio tundu. Umelizungushia maneno tu.”

Hana ufahamu wa mambo ya wakubwa. Supu ilikuwa nzuri.

Alipopanda nikafungua kabati kutafuta manyoya ya kunguru. Ndani ya chembalo kila uzi hudonolewa na ncha ya unyoya, na manyoya huchakaa haraka. Orsola ndiye aliyekuwa akiyachonga, ameketi dirishani na kisu kidogo. Kila akimaliza unyoya mmoja aligonga kisu mara tatu kwenye ukingo wa dirisha, vumbi lidondoke. Ko, ko, ko. Nimeliweka hilo katika sehemu ya pili ya sonata: kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinashikilia besi nzito kuliko zote, na kidole gumba cha mkono huohuo kinagonga sauti moja juu yake mara tatu. Mkono wa kulia wakati huo uko mbali juu, unakimbia. Sijamwambia mtu. Yeye alitambua siku ya kwanza. Akacheka, akasema nimsubiri, ataniletea na kikohozi chake nikiweke.

Manyoya yamebaki kumi na tisa aliyoyachonga yeye. Sijayatumia. Nimechonga mengine mwenyewe, vibaya.

Ijumaa, 10 Novemba

Ushindi!

Nimempelekea Markiza sonata, nikasema nimeikuta ndani ya sanduku la nyuzi nililoagiza kutoka Ujerumani, imefungwa kwa utepe. Hakuuliza kwa nini mtunzi mkubwa asafiri pamoja na waya. Macho yaling’aa. Akasema, Fundi, hii ni bahati ya nyumba yangu.

Mwalimu wake alikuwepo. Lattanzio Zaccarini, mwenye nywele za bandia zenye harufu ya lavenda, ambaye kila mwaka siku ya Mtakatifu Sesilia hucheza sonata yake mwenyewe na kupigiwa makofi yanayotosha kufukuza njiwa wote wa uwanjani. Mimi hukaa nyuma ya pazia na ufunguo wa kukazia nyuzi, uzi usije ukalegea.

Markiza akamwonyesha jina. Zaccarini ana vitabu. Zaccarini amewahi kufika Dresden, kwa wiki moja. Alilitazama lile jina. Akainua kichwa taratibu.

“Ah,” akasema. “Knopfstock. Bado anakunywa?”

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Akaendelea. Alimfahamu vizuri sana. Walikula pamoja. Mtu mnene, mwenye huzuni, kipaji cha ajabu, lakini chupa, Markiza, chupa. Akasema ataicheza yeye mwenyewe, kwa heshima ya urafiki wao.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Mbele ya kanisa letu nikaacha kucheka. Knopfstock wangu si mlevi. Nilimzaa juzi tu, kwa nia njema.

Jumapili, 12 Novemba

Divai mpya imefunguliwa jana, na mji mzima una kichwa kizito. Mimi pia kidogo. Wakati wa misa nilicheza wimbo wa kutoka mahali pa wimbo wa kuingia, na waumini watatu wakatoka.

Mlangoni watu wanamzungumzia Knopfstock. Mke wa muuza dawa ameambiwa na Zaccarini kwamba Knopfstock alifiwa na mke akiwa kijana ndipo akaanza kunywa. Kila mtu akatikisa kichwa kwa huruma. Mtu asiyekuwepo amefiwa na mke, na Bologna yote inampa pole.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema nimesikia kwa watu wa sanduku la nyuzi kwamba hagusi pombe, ni mtu wa maji na mkate. Zaccarini akanishika bega kwa upole mkubwa, akasema ndivyo wanavyojificha.

Jumanne, 14 Novemba

Balaa.

Niliitwa kwa Markiza kubadilisha manyoya matatu. Zaccarini alikuwa anajifunza sonata. Sehemu ya kwanza, vizuri. Kwa kweli vizuri sana. Nilibaki nimeinama ndani ya chembalo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wasinione. Halafu sehemu ya pili. Halafu mahali pa Orsola. Akasimama. Akajaribu tena. Akasimama. Akautazama mkono wake wa kushoto kama ameuazima.

Nikaelewa kosa langu palepale.

Chembalo chetu nyumbani ni cha babu yake Orsola. Mafundi wa zamani walibana matumizi ya mbao: upande wa kushoto kabisa waliziacha sauti zisizotumika, na zile nzito wakazihamishia kwenye vibonyezo vya jirani. Ukibonyeza kile ambacho kwa wengine ni mi, kwangu kinalia do, ile nzito kuliko zote. Kwa hiyo mkono wangu wa kawaida unashikilia do ya chini na kugonga mi ya pili iliyo juu yake, vibonyezo vinane tu, bila jasho. Nimecheza hivyo miaka thelathini; nimesahau kwamba wengine hawachezi hivyo. Kwenye chembalo kipya cha Markiza kila sauti ina kibonyezo chake, na do iko hukooo, ukingoni, vibonyezo kumi kutoka kwenye mi hiyo. Kuzifikia zote mbili kwa mkono mmoja, uwe na mkono wa bata mzinga.

Markiza akauliza kuna nini. Zaccarini hakukawia hata kidogo. Akasema amesahau kumwambia: Knopfstock ana mikono mikubwa ajabu. Kama makasia. Aliwahi kumwona akibeba tikiti maji mawili kwa kiganja kimoja.

Markiza akajipepea. Kisha Zaccarini akasema jambo lililonigandisha. Mahali hapo atapaondoa. Mapigo manne tu, hakuna atakayejua.

Mapigo manne. Ndiyo yote niliyonayo ya dirisha lile.

Alhamisi, 16 Novemba

Mpango wa kwanza. Barua kutoka Knopfstock mwenyewe. Mwandiko ulioinama kushoto, maneno machache, makali: asiyecheza mapigo yale manne asicheze sonata yote. Nikaipitisha mvukeni, nikaikalia.

Nikaipeleka. Zaccarini akaisoma mbele ya Markiza, akatabasamu kama baba anayesoma barua ya mtoto mtukutu. Akasema barua hii imeandikwa asubuhi. Knopfstock huwa hivi kabla hajapata glasi ya kwanza. Baada ya chakula angekubali.

Mapigo manne bado yamekatwa. Na sasa Knopfstock wangu anakunywa tangu asubuhi.

Jumamosi, 18 Novemba

Mpango wa pili. Kama mkono haufiki, unyooshwe. Nilimwendea Zaccarini nyumbani kwake nikampa siri ya mafundi, niliyoibuni njiani: mafuta ya zeituni ya moto, na vizibo vya chupa katikati ya vidole kuanzia chakula cha mchana hadi jioni. Akanishukuru. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nusura nimpende.

Leo kidole chake kidogo kimevimba, kinafanana na soseji. Anasema anaweza kucheza sonata yake mwenyewe, maana imo damuni. Lakini ya Knopfstock, pengine iahirishwe. Mpaka Pasaka. Au mpaka mwaka kesho.

Nimekaa mbele ya jiko. Orsola alikuwa anakula ganda la mkate kwanza, sehemu laini akaiacha mwisho. Nilikuwa namdhihaki. Alijibu kwamba yeye hapendi chakula kiishie kwenye ugumu.

Jumatatu, 20 Novemba

Tarsilla amekasirika. Aliweka bakuli mezani kwa nguvu, supu ikaruka. Alisema niende kwa Markiza niseme neno moja: ni yangu. Nikamweleza kwamba wakijua ni yangu haitachezwa, itawekwa chini ya meza. Ahadi itakuwa imekwenda.

Halafu akaketi, naye huwa haketi.

“Dada aliomba watu waisikie,” akasema. “Hakuomba umdanganye mtu. Kwani ungesema na ukaicheza mwenyewe, ungekufa?”

Nikasema mikono yangu hutetemeka mbele ya watu. Akasema hutetemeka hata mbele ya supu na bado nashiba.

Wakati ule ule, nikitazama supu, nilipata mpango wa tatu. Mzuri kuliko yote. Mwepesi! Nashangaa sikuufikiria mwanzoni.

Jumanne, 21 Novemba

Masahihisho yamewasili kutoka Dresden. Haraka ya ajabu, lakini hakuna aliyehesabu siku. Knopfstock anamhurumia rafiki yake wa zamani na mikono yake midogo, na anamruhusu, mahali pale, abonyeze mi ya chini badala ya do. Kiganja cha kawaida kinafika. Hata chenye soseji.

Zaccarini alijaribu, akaona ni rahisi, akaridhika. Akasema alijua tu: Knopfstock akishapata chakula ana moyo. Atacheza kesho. Markiza akapiga makofi.

Sasa uzuri wenyewe. Kesho asubuhi mimi ndiye nitakayekaza nyuzi. Ile mi ya chini nitailegeza kidogo kidogo mpaka ilie do. Zaccarini atabonyeza mi. Ukumbi utasikia do. Atacheza kitu asichokijua, kwa chembalo kipya ambacho bila yeye kujua kimekuwa kikuukuu kama changu. Mapigo manne ya Orsola, kamili, mbele ya watu wote!

Nimepitia sonata yote, kila ukurasa. Mi ile ya chini haitokei mahali pengine popote. Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, 22 Novemba, asubuhi

Tayari. Uzi umelegea, unanguruma kidogo, lakini do ni do. Nimevaa koti alilonishonea Orsola. Kifungo cha pili ni cha rangi nyingine; alisema atakibadilisha.

Alhamisi, 23 Novemba

Naandika polepole.

Ukumbi ulijaa. Unga wa nywele ulikuwa mwingi hewani kama kinu cha ngano. Mbele kabisa, karibu na jiko, alikuwa Bibi Ginevra, mama mkwe wa Markiza, mwenye miaka themanini na ushei, haoni vizuri, na wote wanadhani hasikii. Mimi nyuma ya pazia na ufunguo wangu.

Markiza akasimama kutangaza. Nilisubiri kusikia jina la Knopfstock. Mgeni hutangulia, ndivyo nilivyojua. Akasema kwamba, kama ilivyo desturi, Bwana Zaccarini ataanza na sonata yake mwenyewe.

Sonata yake mwenyewe. Iliyo katika mi. Ambayo mkono wa kushoto hugonga mi ya chini kama mtu anayepigilia msumari, tangu pigo la kwanza hadi la mwisho. Nimeisikia miaka minane! Naijua kuliko anavyoijua yeye! Na sikuifikiria hata mara moja.

Akaketi. Akainua mikono juu, kama kawaida yake. Akaishusha.

Mkono wa kulia ulisema jambo moja na wa kushoto ukasema la mtu mwingine. Akasita, akagonga tena kwa nguvu zaidi, akidhani amekosea yeye. Ikawa mbaya zaidi. Akaendelea, jasho linatiririka, kila besi inatoka do, do, do, kama ng’ombe amefungwa chini ya ukumbi. Watu wakaanza kutazamana. Kasisi mmoja akajifanya anatafuta leso. Zaccarini ni jasiri, nakiri. Alifika mwisho wa sehemu ya kwanza, na kwa kuwa kila sehemu huchezwa mara mbili, akairudia. Akaongeza na madoido.

Hapo Bibi Ginevra akaanza kucheka. Alicheka mpaka ugoro ukamwagika kifuani. Markiza akainama akamwuliza kulikoni.

Bibi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajali, kwamba mi ile imekuwa do. Kwamba chembalo cha konventini alikojifunza utotoni kilikuwa hivyohivyo, na masista walimpiga vidole kwa sababu ya mi hiyo. Halafu akauliza ni nani amekikaza leo.

Pazia halikunisaidia. Ufunguo ulikuwa mkononi.

Zaccarini aligeuka, uso mwekundu, akaniita mchawi wa waya. Akasema hii ni husuda, nimemharibia yeye na kumwaibisha Knopfstock, mtu mkubwa, mwenye mikono…

Bibi Ginevra akainua kidole. Akataka asomewe karatasi ya huyo Knopfstock, mahali penye mikono mikubwa. Kasisi akamsomea: do ya chini kabisa, na mi ya pili juu yake, mkono mmoja. Kisha masahihisho: mi badala ya do. Akafikiri. Nikasikia kuni zikijiweka sawa ndani ya jiko.

“Huyu hana mikono mikubwa,” akasema. “Huyu ana chembalo kikuukuu. Hapa mjini ni nani bado ana chembalo cha namna hiyo?”

Zaccarini akafungua kinywa aseme anamfahamu. Bibi akamwambia, mwanangu, pumzika kidogo.

Mlango ulikuwa hatua sita kutoka nilipo. Nilihesabu. Ningeweza kutoka, na Zaccarini asingeicheza tena sonata ile hata kwa mtutu wa bunduki. Nikamwona Orsola ameegemea jiko la nyumbani, ananisikiliza peke yake, na unyoya umenasa kwenye nywele.

“Mimi, Bibi Mkubwa,” nikasema. “Na sonata ni yangu. Ni ya mke wangu.”

Nilitarajia vicheko, na vichache vilikuwepo. Markiza alikuwa amepauka. Bibi Ginevra akaelekeza kidole kwenye kiti.

“Basi kaa uicheze. Na mi hiyo usiikaze.”

Nikaketi. Nilikosea mwanzo, nikaanza upya, jambo ambalo halifanywi. Sehemu ya kwanza ikapita, mara mbili. Sehemu ya pili. Nikafika. Kidole kidogo kikashika mi inayolia do, uzi uliolegea ukanguruma, na kidole gumba juu yake: ko, ko, ko.

Hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja alikuwa na kikombe karibu na midomo na hakukishusha wala kunywa.

Kwenye marudio mchezaji hutakiwa kupamba, aonyeshe anachokiweza. Sikupamba. Nilipafikia mahali pale nikapaacha kama palivyo.

Nilipomaliza, Bibi Ginevra akasema tena. Nikacheza tena yote. Mara hii nilikuwa najisikia mtu, kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wakapiga makofi zaidi.

Tarsilla alikuwa amekaa ngazini nilipofika nyumbani. Nikamwambia imesikika. Aliniuliza watu wangapi. Nikasema kama sitini. Akafuta macho kwa aproni, akasema koti langu nimelivaa na kifungo kile cha aibu mbele ya watu sitini.

Jumamosi, 25 Novemba

Markiza amenisamehe. Ameona ni afadhali awe amenigundua kuliko awe amedanganywa, na tangu jana anasema alijua. Anataka sonata nyingine kwa ajili ya Krismasi. Kwa jina langu! Gaudenzio Malvisi, kwa herufi kubwa.

Zaccarini alikuja hapa. Hajawahi kupanda ngazi zetu. Alileta soseji nzima ya mortadela, akaketi, akatazama sakafu. Mjini wanamsalimia kwa kumwuliza habari za Knopfstock. Halafu akasema alipoonyeshwa lile jina kwa mara ya kwanza aliogopa tu kuonekana hajui. Nikamwonea huruma. Ni hofu yangu mwenyewe, tofauti ni harufu ya lavenda.

Tukakubaliana tuwaambie watu hivi: Knopfstock yupo, ni mtunzi mkubwa, na Zaccarini alikula naye. Sonata hii tu ndiyo iliyoandikwa jina lake kimakosa. Hakuna anayeumia. Tulikula mortadela. Tarsilla alitusikia akiwa mlangoni, akamwuliza Zaccarini kama kidole kimepona, na kama kichwa nacho kinatibiwa kwa vizibo.

Jumatatu, 27 Novemba

Sijalala vizuri.

Nilipita kwa muuza dawa. Mke wake amenipongeza sana. Akasema sonata yangu ni nzuri, tamu, ya nyumbani. Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba bila shaka si kama za Knopfstock. Zile zina moto.

Nikamwambia hajawahi kusikia hata moja ya Knopfstock. Akasema ndiyo, lakini unajua tu.

Kanisani, vivyo hivyo. Kasisi yule wa ukumbini, vivyo hivyo. Markiza mwenyewe amemwandikia binamu yake wa Ferrara kwamba amegundua kipaji cha hapa mjini, cha pili baada ya Knopfstock. Cha pili! Mimi ndiye niliyempa mikono, nikampa Dresden, nikaikalia karatasi yake mpaka nikapata ganzi!

Hili haliwezi kuachwa. Nimekaa tangu asubuhi, mwandiko umeinama kushoto. Mpango ni mwepesi, na safari hii umekamilika. Nitatunga sonata ya pili ya Knopfstock, mbovu, nzito, isiyo na kichwa wala miguu. Itapelekwa kwa Markiza wiki moja kabla ya Krismasi. Wataisikia, watakunja pua, watamsahau. Wiki inayofuata wataisikia yangu. Zaccarini ameahidi kuicheza. Sijamwambia inahusu nini.

Tarsilla amekuja na bakuli, ameona mwandiko, ameondoka na bakuli.

Tatizo dogo tu. Nimefika ukurasa wa nne, na kila nikijaribu kuiharibu, inatoka nzuri. Inapita ile yangu ya Krismasi kwa mbali sana.